Kijiko Kimoja cha Mafuta

Mwaka 2009 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani nasubiri matokeo. Mjomba wangu hakupenda kuniona nashinda kijiweni, akanipeleka kwenye gereji bubu moja pale Ilala, chini ya mwarobaini, nikajifunze angalau kushika spana. Malipo hakuna, chakula cha mchana kipo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa petroli na kutumwa sigara za fundi mkuu.

Wiki ya tatu ikaja Hilux ya zamani ya mama mmoja aliyekuwa akibeba nyanya kutoka Ruvu hadi soko la Ilala. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kimepungua. Fundi mkuu akachukua oili ya injini iliyobaki kwenye galoni, akajazia, akafunga kifuniko. "Tayari mama, nenda kafanye biashara." Niliyaona kwa macho yangu. Sikusema kitu, maana wakati ule kwangu mimi mafuta yalikuwa mafuta tu.

Baada ya siku kama kumi gari likarudi likivutwa kwa kamba. Injini ikizimwa, gia zote zinaingia bila ubishi. Ikiwashwa, hola! Ukilazimisha, giaboksi linalia kama bati linaloburutwa kwenye lami. Fundi mkuu hakuuliza mara mbili. "Pleti ya klachi imekwisha hiyo." Giaboksi likashushwa. Pleti mpya, presha pleti mpya, beringi mpya, mama akalipa. Siku mbili baadaye likapandishwa, gari likawashwa, gia zikagoma vilevile.

Hapo fundi mkuu akamgeukia spana boi wetu, kijana wa miaka kumi na saba, ambaye ndiye aliyekuwa amefunga pleti. "Umeigeuza wewe!" Kijana akaapa kwamba hakuigeuza. Akafukuzwa asubuhi ileile, mbele ya wateja, na fedha zake za wiki akanyimwa. Giaboksi likashushwa mara ya pili, na pleti ikakutwa imekaa sawasawa kabisa. Wakati huo nyanya za mama zilikuwa zimeozea shambani Ruvu.

Siku iliyofuata alipita mzee mmoja, fundi wa zamani, akaomba kitu ambacho hakuna mtu pale aliyekuwa nacho: rula. Nitakueleza alichokifanya na rula hiyo. Lakini miaka hii yote nimekuwa nikisoma huku na huku kutafuta chanzo cha jambo lile, nikagundua kwamba kosa letu siku ile lilikuwa na historia ya zaidi ya miaka mia tatu nyuma yake. Ngoja tuanzie huko.

*

Kwanza, klachi ni ya nini? Injini ya mvuke inaweza kuanza kuvuta mzigo ikiwa imesimama. Injini ya petroli haiwezi. Lazima izunguke kwanza yenyewe, ndipo ikabidhiwe mzigo polepole. Kwa hiyo panahitajika kitu katikati cha kuunganisha na kutenganisha injini na magurudumu. Mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor ya Ufaransa ilianza kupanga gari kwa mtindo ambao dunia nzima iliufuata: injini mbele, kisha klachi, kisha giaboksi, halafu magurudumu ya nyuma yanayosukuma.

Klachi za zama zile zilikuwa na umbo la pia, zimevishwa ngozi ya mnyama. Ngozi ikikauka inakamata ghafla, abiria wanarushwa. Ikilowa oili inateleza, gari haliendi. Madereva walikuwa wakiipaka mafuta ya wanyama ilainike, na ikiteleza wanainyunyizia unga wa udongo. Kwa hiyo hata kabla ya gereji ya kwanza kufunguliwa Dar es Salaam, dereva alishajua kwamba klachi ina magonjwa mawili makubwa: kukataa kushika na kukataa kuachia. Ukikariri hilo moja tu, umeshamzidi fundi mkuu wetu. Kuteleza ni ugonjwa wa kushika. Gia kugoma injini ikiwa hai, lakini kuingia ikiwa imezimwa, ni ugonjwa wa kuachia.

Pia ya ngozi ilikuja kuondolewa na pleti bapa inayobanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Uso wa pleti hiyo kwa miongo mingi ulitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo vumbi lake linaua mapafu. Uingereza ilipiga marufuku asbesto mwaka 1999, lakini kabla ya hapo mafundi wa dunia nzima walikuwa wakishusha giaboksi na kulipuliza vumbi lile kwa mdomo. Kila giaboksi lililoshushwa bila sababu lilikuwa na bei nyingine, ambayo haikuandikwa kwenye risiti.

Sasa swali: nguvu ya mguu wa dereva inafikaje kule kwenye presha pleti? Magari ya mwanzo yalitumia fimbo za chuma. Mengine, kama Volkswagen ndogo ya zamani yenye mgongo wa duara, yalitumia kebo. Fimbo inachakaa kwenye maungio, kebo inakatika nyuzi moja moja mpaka siku inakuacha njiani. Lakini uzuri wake ni kwamba ugonjwa unauona kwa macho. Kebo imekatika, imekatika. Hakuna wa kubishana naye.

Njia ya tatu ni mafuta ndani ya bomba, na huko ugonjwa ulijificha.

*

Aliyeifahamu siri ya bomba ni Mfaransa, Blaise Pascal, aliyezaliwa 1623 na kufariki 1662 akiwa na miaka 39. Kitabu chake kuhusu mizani ya vimiminika kilichapishwa 1663, yeye akiwa kaburini. Alieleza hivi: chukua chombo kilichojaa maji, kimefungwa pande zote, chenye matundu mawili. Tundu moja liwe kubwa mara mia kuliko lingine. Weka kizibo kinachoteleza katika kila tundu. Mtu mmoja akisukuma kizibo kidogo, watahitajika watu mia kukizuia kile kikubwa. Maji hayabanwi, kwa hiyo presha unayoyapa upande mmoja inafika kila upande bila kupungua.

Jambo zuri namna hiyo, lakini kwa zaidi ya miaka mia likabaki karatasini. Kwa nini? Kwa sababu ya uvujaji. Kizibo kikikazwa, hakitelezi. Kikiachiwa kiteleze, maji yanapita pembeni.

Mwaka 1795 fundi Mwingereza Joseph Bramah, mtengenezaji mashuhuri wa makufuli jijini London, alipata hati miliki ya mashine ya kubana vitu kwa nguvu ya maji. Ilikuwa ni nadharia ya Pascal imegeuzwa chuma. Lakini naye alikwama palepale. Akiziba kwa kukaza, pistoni ikishapanda haitaki kurudi. Akilegeza, maji yanamwagika.

Katika karakana yake alikuwepo kijana aitwaye Henry Maudslay. Alizaliwa 1771, akaanza kazi katika ghala la silaha la Woolwich akiwa na miaka 12, na Bramah alimchukua akiwa na miaka 18. Kwa maelezo ya James Nasmyth, ambaye baadaye alifanya kazi na Maudslay, kijana huyo ndiye aliyeleta dawa: kikombe cha ngozi. Kipande cha ngozi kinakunjwa kama kikombe, mdomo wake ukielekea upande wa maji. Maji yakisukuma, yanaingia ndani ya kikombe na kuutanua mdomo ubane ukuta wa silinda. Presha ikizidi, kikombe kinabana zaidi. Presha ikiondoka, kikombe kinalegea chenyewe na pistoni inarudi. Yaani maji yaleyale yanayotaka kuvuja ndiyo yanayoziba tundu lao.

Maudslay akapanda cheo mpaka akawa msimamizi wa karakana. Mwaka 1797, akiwa na mke na watoto, aliomba aongezwe mshahara upite shilingi 30 kwa wiki. Bramah akakataa. Maudslay akaondoka, akafungua karakana yake mwenyewe, na leo hii wanahistoria wa mashine wanamtaja miongoni mwa waanzilishi wa ufundi wa mashine za kisasa.

Nakuomba ukikumbuke kile kikombe, maana ndicho tutakachokikuta Ilala.

*

Zaidi ya miaka mia baada ya Bramah, Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake baadaye liliandikwa Lockheed, alipeleka kanuni ileile kwenye breki za magari. Gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 lilikuwa na breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Chrysler wakafuata mwaka 1924 kwa gari la bei nafuu zaidi. Na unadhani walisumbuliwa na nini? Vikombe! Vile vya ngozi vilikuwa vikivuja. Wahandisi wa Chrysler wakaufanyia kazi mfumo ule na kuweka vikombe vya raba.

Raba ikaleta sharti jipya. Raba ya asili ikikutana na mafuta yatokanayo na petroli, kama oili ya injini, inayanywa, inavimba na kuwa laini. Ndiyo maana mafuta ya breki ya miaka ile hayakutoka kwenye visima. Yalichanganywa na alkoholi na mafuta ya mbarika, mmea uleule unaojiotea pembeni mwa njia zetu, ambao bibi zetu wanaujua kwa mafuta ya nyonyo. Baadaye kemia ikaleta mafuta mengine, ambayo leo unayaona dukani yameandikwa DOT 3 au DOT 4. Raba nazo zikabadilika, lakini sharti halikubadilika: oili ya injini humo ni sumu.

Hata wakubwa walijifunza kwa kuumia. Citroën DS, gari la Kifaransa lililotoka mwaka 1955, liliendesha karibu kila kitu kwa mafuta ya presha: usukani, breki, springi, hata klachi. Mafuta yake ya mwanzo yalikuwa na tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na maji yakiingia chuma kinapata kutu. Kuanzia 1966 kiwanda kikahamia mafuta ya kijani ya aina nyingine kabisa, yanayotokana na petroli, na raba zote zikabadilishwa ziendane nayo. Ukichanganya mafuta ya mfumo mmoja kwenye mwingine unaua raba zote. Kiwanda kiliamua kutofautisha kwa rangi ili fundi asikosee.

Klachi za magari ya kawaida nazo zikaingia kwenye bomba. Sababu ni za busara. Injini imekaa juu ya raba, inatikisika. Fimbo ya chuma inatikisika nayo na mguu unausikia mtikisiko. Bomba linapindika litakavyo. Tena kiwanda kinachouza magari ya usukani wa kulia na wa kushoto kinahamisha pedali na bomba tu, bila kubuni fimbo upya. Land Rover ya kwanza ya mwaka 1948 ilitumia fimbo. Series II ya 1958 ikaja na mafuta. Peugeot 504, iliyozaliwa 1968 na kuunganishwa hata Kenya, ilikuwa ya mafuta. Toyota za mizigo zilizojaa barabara zetu, vivyo hivyo.

Ndivyo Pascal na Maudslay walivyofika Afrika Mashariki bila pasipoti. Waingereza waliziita silinda mbili hizo kwa majina ya bwana na mtumwa: ile ya pedali inaamuru, ile ya giaboksi inatii. Mafundi wetu hawakuitisha mkutano wala kupitisha azimio. Waliamua tu kuziita masta ya juu na masta ya chini. Huku pwani, ambako Bagamoyo haipo mbali, naona walichagua vema.

*

Ufundi wenyewe ulifikaje mikononi mwetu? Enzi za mkoloni na miaka mingi baadaye, gereji nyingi za mijini zilikuwa za Waasia, wakiwemo Makalasinga waliosifika kwa vyuma. Mwafrika alishika taa na kupokeza spana, akajifunza kwa kuibia kwa jicho. Vitabu vya matengenezo vilikuwepo, kwa Kiingereza, vimefungiwa ofisini.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliruhusu mabasi ya watu binafsi, yale tuliyoyaita daladala, kubeba abiria Dar es Salaam, kwa kuwa shirika la UDA lilikuwa limezidiwa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika, na miaka ya 1990 yakawa mafuriko. Gari moja lililokuwa na mwalimu mmoja likawa magari mia yenye mwalimu yuleyule. Gereji bubu zikachipuka chini ya kila mwarobaini, mafundi wakazaliwa kabla ya kuiva. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Hao ndio waliobeba jiji hili mabegani. Lakini elimu yao ilikuwa ya mdomo, na elimu ya mdomo ikipokezwa haraka hudondosha vipande njiani. Kipande kimoja kilichodondoka ni swali la kuuliza kabla ya kushusha giaboksi.

*

Turudi kwa mzee. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Gari ya nani hii?" Mama alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, hana hata hamu ya kujibu. Mzee akaelezwa. Akaagiza giaboksi lipandishwe jinsi lilivyo, halafu akaomba rula. Nikakimbia dukani nikanunua rula ya shule ya plastiki.

Kwanza alifungua kikopo cha mafuta akachungulia. Mafuta yalikuwa meusi na kiasi chake kilikuwa cha kutosha. Weusi ule, alisema, mara nyingi ni raba inayosagika. Kisha akaingia ndani, akainua zulia na kupapasa ukuta nyuma ya pedali, pale fimbo inapoingia masta ya juu. Pakavu. Akaingia uvunguni, akainua kofia ya raba ya masta ya chini. Pakavu. Akapapasa bomba lote na hosi yake. Pakavu. Fundi mkuu akacheka: "Si nimekwambia mzee, mafuta hayavuji. Shida iko ndani ya giaboksi."

Mzee hakumjibu. Akaniambia nipande nikanyage klachi, injini ikiwa imezimwa. Nikakanyaga mpaka chini. Yeye yuko uvunguni, rula ameishikiza kwenye fimbo ya masta ya chini. "Shikilia hapohapo." Nikashikilia. "Imetoka milimita sita," akasema. Akanyamaza kidogo. "Mguu wako umeuondoa?" "Hapana mzee." "Basi inarudi yenyewe. Sasa ni nne."

Hapa, ndugu msomaji, nataka nikupe hesabu aliyotufundisha, maana ndiyo kiini cha habari yote. Chukua masta ya juu yenye kipenyo cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8. Pistoni yake ikisogea milimita 25, inasukuma mafuta ya mililita 5 hivi. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai! Gari zima la tani na ushee, na nyanya zake na utingo wake juu, linategemea kijiko kimoja cha mafuta kwenda na kurudi. Kijiko hicho kikifika kwenye masta ya chini yenye kipenyo cha milimita 20.64, fimbo yake inasogea karibu milimita 15. Safari hiyo ndiyo inayosukuma foku, foku inasukuma beringi, beringi inaachanisha pleti. Ukipoteza hata robo ya kijiko, pleti haiachii vizuri. Injini inaendelea kuizungusha, na gia zinagoma.

Kwa hiyo rula inakata kesi katikati. Fimbo ya chini ikisafiri safari yake kamili na gia bado zinagoma, kosa liko ndani: foku, beringi, presha pleti au pleti. Hapo shusha giaboksi kwa amani. Fimbo ikisafiri kidogo, kosa liko kwenye kijiko, na hakuna sababu ya kugusa giaboksi. Sisi tulikuwa tumelishusha mara mbili bila kuuliza swali hilo.

Halafu kijiko chenyewe kina njia chache tu za kupotea. Kinaweza kuvuja nje, na hapo utaona unyevu kwenye moja ya zile sehemu alizopapasa mzee. Kinaweza kumezwa na upepo. Hewa inabanwa, mafuta hayabanwi. Kiputo cha nusu kijiko ndani ya bomba kinameza karibu nusu ya safari nzima. Dalili yake ni pedali laini kama sponji, na ukipampu haraka mara tatu nne inakuwa ngumu na gia zinakubali kwa muda. Au mafuta yanaweza kupita pembeni ya kikombe ndani ya masta ya juu, yanarudi yalikotoka bila hata tone kuonekana nje. Dalili yake ndiyo ile tuliyoiona: umeshikilia pedali, haijasogea, lakini fimbo ya chini inarudi taratibu.

Kuna na kinyume chake pia, klachi kuteleza: injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Mara nyingi hapo ni pleti imekwisha au imelowa oili. Lakini hata huko mzee alisema uliza bomba kwanza. Hosi ya zamani huziba kwa ndani, mafuta yanaenda kwa nguvu ya mguu yanashindwa kurudi. Au fimbo ya pedali imekazwa mno, pistoni hairudi mpaka mwisho, na kitundu cha kupumulia kinabaki kimezibwa. Kama klachi inateleza, legeza nati ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka kwa presha wakati hakuna aliyekanyaga pedali, na klachi ikashika, pleti haina hatia.

Mzee akafungua masta ya juu. Akatoa pistoni, akaweka kikombe cha raba kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimevimba, laini kama jojo iliyotafunwa, mdomo umejikunja. Akakinusa. "Nani kaweka oili ya injini humu?"

Hakuna aliyejibu. Fundi mkuu alikuwa anaangalia barabarani. Mimi nilikuwa naangalia kile kikombe.

Raba zote zikabadilishwa, juu na chini, na hosi pia, kwa sababu oili ikishaingia haibagui. Silinda na bomba vikaoshwa kwa spiriti. Mafuta mapya ya breki yakawekwa, kopo jipya lililofunguliwa palepale, maana yakikaa wazi yanakunywa unyevu wa hewa. Kisha tukatoa upepo, na hiyo ni kazi ya watu wawili wanaoaminiana. Mzee chini, mimi juu. "Kanyaga!" Nakanyaga. "Shikilia!" Anafungua nati, viputo vinatoka kwenye mpira, anafunga. "Achia!" Ukiachia kabla ya kuambiwa, upepo unaingia tena na mnaanza upya. Mara ya kumi na kitu pedali ikawa na mwili. Mama akawasha gari, akaingiza gia ya kwanza, akaondoka bila kuaga. Sikumlaumu.

Zile raba zote kwa pamoja hazikufika hata robo ya bei ya vitu alivyolipia bure. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumejenga ukuta mara mbili, na ufa tumeuacha palepale.

*

Yule spana boi hakurudi. Nilimkuta mara moja, mwaka 2012, Kariakoo, anauza chaji za simu barabarani. Nikamweleza habari ya kikombe na oili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwepo wakati anaiweka?" Nikamwambia nilikuwepo. Akamhudumia mteja wake.

Mwaka 1797 Maudslay alipokataliwa shilingi zake, aliondoka na akafungua karakana, na alikuwepo mtu kama Nasmyth wa kuandika kwamba kikombe kile kilikuwa chake. Vijana wa kwetu wanaondoka hivyohivyo kila wiki, na hakuna anayeandika. Yule mzee wa rula amefariki. Elimu yake ya miaka arobaini na kitu, aliyoipata kwa kushika taa uvunguni mwa Landrova, hakuna kitabu kilichoipokea. Hiki nilichokueleza hapa ni kipande nilichokidaka mchana mmoja.

Wewe unayesoma kurasa hizi na kutaka kuandika, najua unatafuta habari kubwa. Karibu na kwenu ipo gereji. Nenda na daftari, kaa kwenye tairi bovu, amkia wazee, uliza. Na siku ukiona mtu anamimina oili pasipostahili, sema hapohapo, hata kama wewe ni mtu wa kutumwa sigara.